Mvinyo wa Machi, mvinyo wa Septemba: upi na pilau, upi na kuku wa kupaka?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Wifi yangu ana shamba la zabibu la ekari mbili Mpunguzi, Dodoma, na siku hizi sehemu ya zabibu anakamua mwenyewe nyumbani. Kila msimu anatuletea chupa. Mwaka huu nina chupa nane za mweupe wa Machi na kumi na mbili za mwekundu wa Septemba, na Krismasi ukoo mzima unakuja kwangu Mbezi. Nitapika pilau ya mbuzi, kuku wa kupaka na samaki wa kukaanga, na vijana watachoma mbuzi nje. Watu wananiambia mwekundu ni wa nyama, mweupe ni wa samaki, basi. Lakini Pasaka mwekundu wa mwaka jana uliniunguza mdomo nilipounywa na nyama yenye pilipili, na siku nyingine nilipounywa na samaki mdomo ukabaki na ladha ya chuma. Halafu, mivinyo hii ya msimu, niinywe sasa au niiache ikomae? Na watu wameshaanza kumuuliza wifi bei. Msomaji, Dar es Salaam.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kupata swali linaloanzia kwa mkulima unayemjua na chakula unachokipika kweli. Nianze na majibu mafupi, halafu nieleze sababu. Mweupe wa Machi upeleke kwa kuku wa kupaka na samaki. Mwekundu wa Septemba uende na pilau na mbuzi wa kuchoma, lakini uwe umepoa kwenye friji kwanza. Pilipili iwekwe pembeni, kila mtu ajipimie. Chupa nyeupe zote zimalizwe Krismasi hii. Nyekundu unaweza kubakiza chache hadi Pasaka, na zaidi ya hapo uwe umeulizana na wifi yako alivyoutengeneza.

Ile kanuni ya mwekundu kwa nyama na mweupe kwa samaki si ya uongo, ila ilitungwa kwa meza ambapo nyama inakuja peke yake, imechomwa na kutiwa chumvi. Kwetu nyama huja na mchuzi, au na viungo vilivyomwingia hadi kwenye mfupa. Mbuzi wa kuchoma, mbuzi wa pilau na mbuzi wa nazi ni mnyama mmoja, lakini mdomoni ni vyakula vitatu tofauti kabisa. Kwa hiyo mimi huuliza kuhusu mchuzi kabla ya kuuliza kuhusu nyama. Una nazi? Una ndimu? Una pilipili kiasi gani? Kitunguu kimekaangwa hadi kikawa kahawia, au kimechemka tu? Ukishajibu hayo, chupa unaijua.

Lakini kabla ya kufika mezani twende shambani, kwa sababu chupa zako za Machi na za Septemba zingekuwa tofauti hata kama zingetoka kwenye mzabibu uleule.

Katika nchi za baridi mzabibu hulala miezi kadhaa, ukaamka, ukazaa mara moja, na mavuno ni mara moja kwa mwaka. Dodoma haulali. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni kama nusu tu ya ile mnayoipata pwani. Baridi ya kuulaza mmea haipo. Mkulima akipogoa, mzabibu unachipua upya, na baada ya kama miezi minne zabibu zimeiva. Kwa hiyo mkasi ndio unaopanga msimu. Anayepogoa mvua zikishapita anavuna Agosti au Septemba. Anayepogoa tena kuelekea mwisho wa mwaka anavuna Februari au Machi.

Sasa fikiria maisha ya zabibu hizo mbili. Ya Septemba imekua kwenye ukavu. Juni na Julai usiku wa Dodoma ni wa kujifunika blanketi, mchana ni jua tupu, na mkulima mwenye maji ya kumwagilia ndiye anayeamua mmea unywe kiasi gani. Punje zinabaki ndogo, ganda ni nene ukilinganisha na maji yaliyomo ndani, sukari inapanda. Ya Machi imekua mvua zikinyesha. Punje zinajaa maji, na ukungu unavamia: ubwiri unga na ubwiri vinyoya, maadui wawili ambao kila mkulima wa zabibu anawajua kwa majina. Mvua ikizidi, mkulima hathubutu kuziacha zabibu ziive hadi mwisho, kwa sababu zitaoza au kupasuka mtini. Anavuna mapema kidogo, sukari ikiwa chini na uchachu ukiwa bado juu.

Kwenye chupa tofauti hiyo inapimika. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu hugeuka kuwa asilimia moja ya kilevi. Zabibu zilizovunwa zikiwa na Briksi 22 zitakupa mvinyo wa asilimia 12 hadi 13. Zilizovunwa zikiwa na Briksi 18 zitaishia kwenye 10 hivi. Briksi ni kipimo cha sukari, na wifi yako anaweza kukisoma kwa haidromita ya bei nafuu, kile kijiti cha kioo kinachoelea kwenye maji ya zabibu. Mwulize. Namba hiyo moja itakusaidia mezani kuliko jina lolote lililoandikwa kwenye lebo.

Watengenezaji wengi wa Machi ninaowafahamu wana hofu ya uchachu, wanauona ni kasoro, na wengine wanauficha kwa sukari. Mimi nauona ndio uzuri wake. Chakula cha pwani kina nazi, kina mafuta na kina chumvi, na vyote hivyo vinaomba kitu kichachu cha kuvisafisha mdomoni. Ndiyo sababu tunakamulia ndimu karibu kila kitu.

Nadhani mweupe wako ni wa Chenin Blanc, kwa sababu ndiyo zabibu nyeupe inayotumika zaidi kwa mvinyo Dodoma, na mwekundu ni wa Makutupora, ile iliyochukua jina la Makutupora kaskazini ya mji, kilipo kituo cha utafiti wa zabibu. Asili ya Chenin ni bonde la mto Loire huko Ufaransa, na kule Afrika Kusini ndiyo zabibu ya mvinyo inayoongoza kwa kupandwa. Ni zabibu yenye uchachu mwingi kwa maumbile, na hilo ni bahati kubwa kwa nchi ya joto, maana joto huunguza asidi ya zabibu jinsi inavyoiva. Ikitengenezwa vizuri Dodoma, utasikia mapera, nanasi ambalo halijaiva sana, na asali kwa mbali. Makutupora ni nyeusi, ina rangi ya kuchafua vidole, na ina ukakasi. Ukiimeza unasikia zambarau, na ulimi unakauka pembeni kama unavyokauka ukila zambarau zenyewe. Kumbuka ukakasi huo, tutaurudia tukifika kwa mbuzi.

Umesema wifi anakamua nyumbani. Ni vizuri ujue kazi yake ilivyo, kwa sababu inaeleza pia kwa nini mvinyo wake hauwezi kukaa miaka. Mizabibu ya Dodoma ilianzia kwenye bustani za wamisionari wa Kiitaliano, kwa ajili ya divai ya misa, na Bihawana ndilo jina linalotajwa zaidi. Baadaye kikaja kiwanda cha serikali, DOWICO, kikanunua zabibu za wakulima kwa miaka. Kilipokufa, wakulima wengi waliachwa na mashamba yaliyojaa na mnunuzi hayupo. Zabibu ya mvinyo haisubiri. Ikishakatwa, ndani ya siku chache kwenye joto inaanza kuvuja na kuvutia nzi. Ndipo familia zikaanza kukamua zenyewe. Wengi huuza mchuzi wa zabibu, yaani maji yaliyokamuliwa, kwa jumla kwa viwanda vikubwa, na wachache, kama wifi yako, hubakiza sehemu wakaifikisha hadi kwenye chupa.

Ukiingia kwenye chumba cha kazi hiyo Septemba utakuta mapipa ya plastiki ya lita 200 yamepangwa ukutani, yamefunikwa shuka safi. Fungua moja: maganda yamepanda juu yakawa tabaka nene la rangi ya zambarau iliyokolea, na chini yake mchuzi unachemka wenyewe bila moto. Ukiinamisha kichwa, hewa inayotoka inakukaba pua, ni gesi ya kaboni inayotolewa na hamira. Asubuhi na jioni mtu anachukua mti uliooshwa na kulisukuma lile tabaka lizame, ili rangi na ukakasi vitoke kwenye maganda viingie kwenye mchuzi. Baada ya wiki moja au zaidi kidogo wanakamua, wanaacha mashapo yatulie, wanahamishia mvinyo kwenye chombo kingine, na wanarudia hivyo hadi upate wangavu. Mweupe haukai na maganda. Unakamuliwa kwanza, mchuzi peke yake ndio unaochachuka, na unataka ubaridi zaidi. Asiye na mashine ya kupoza anaweza kuzungushia mapipa magunia mabichi na kuyaweka kwenye kibanda chenye kivuli. Inasaidia, ingawa haitoshi, na harufu nyingine nzuri hupotea kwa joto. Akiweza kutenga fedha kidogo baada ya mauzo, ningemshauri aanzie hapo, kwenye ubaridi wa mweupe, kabla ya lebo nzuri au chupa nzito.

Sasa swali lako la kutunza. Mvinyo unaodumu miaka kumi una mambo yanayoulinda: asidi ya kutosha, ukakasi wa kutosha, kiasi kilichopimwa cha salfaiti (dawa ya kuuhifadhi mvinyo usiharibike), na chombo kisichopitisha hewa tangu siku ya kwanza. Mvinyo wa familia ndogo mara nyingi umepitia kwenye plastiki, umejazwa kwa mkono, na salfaiti imetiwa kwa kukadiria, pengine haikutiwa kabisa. Kila hatua hewa imeingia kidogo. Kwa hiyo mweupe wa Machi hesabu mwaka mmoja, uwe umekwisha kabla Machi nyingine haijafika. Mwekundu wa Septemba unaweza kufika mwaka mmoja na nusu au miwili ukiwekwa mahali pa baridi na giza. Hapo Mbezi, chumba kikiwa na nyuzi 30 karibu mwaka mzima, gawa muda huo kwa mbili. Joto ndilo linaloumaliza mvinyo wetu zaidi ya kitu kingine chochote. Usiweke chupa juu ya friji, usiziweke kwenye kabati la karibu na jiko, na mwambie anayezileta kutoka Dodoma asiziache kwenye gari lililopaki juani Morogoro wakati anakula.

Wala usione aibu kumimina mvinyo mchanga. Wenye mvinyo kwa karne nyingi wanaufanyia sherehe. Ufaransa, Beaujolais ya mwaka huo hufunguliwa Alhamisi ya tatu ya Novemba, ikiwa na wiki chache tu tangu zabibu zivunwe. Austria, mwaka 1784 mfalme Joseph II aliwaruhusu wakulima kuuza nyumbani kwao mvinyo na mazao yao wenyewe, na hadi leo familia karibu na Vienna huning'iniza tawi la msonobari mlangoni kuonyesha kwamba mvinyo wa msimu upo. Wageni hukaa kwenye mabenchi wakala nyama ya nguruwe ya baridi, jibini na mkate, na mvinyo unamiminwa kwenye jagi. Angalia chakula chao: mafuta, chumvi, kitu cha kutafuna. Mvinyo mchanga wenye uchachu ndio unaovifaa, na meza yako ya Krismasi ina vyote hivyo.

Tuanze na kuku wa kupaka, maana ndicho chakula ambacho watu hukikosea zaidi. Macho yanaona kuku, mkono unafuata mwekundu mwepesi. Lakini mdomo unakutana na tui zito, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, ndimu, na ule moshi wa mkaa. Mafuta ya nazi yanautandaa ulimi. Mwekundu wenye ukakasi ukikutana na tui na pilipili unageuka kuwa mchungu na mkavu. Mweupe wa Machi unafanya kinyume: uchachu wake unakata lile tui, na baada ya kila tonge unatamani jingine. Kwenye kupika, fanya jambo moja. Ndimu uitie wakati wa kuloweka kuku, siyo kuikamulia kwa wingi mezani. Chakula kikiwa kichachu kuliko mvinyo, mvinyo unaonekana maji matupu. Kachumbari nayo ni hivyohivyo: ndimu au siki iwe kidogo, nyanya na kitunguu vifanye kazi.

Samaki wa kukaanga hana shida, mpe mweupe uleule. Ladha ya chuma uliyoisikia haikuwa mawazo yako. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba chuma kidogo kilichomo kwenye mvinyo, hasa mwekundu, ndicho kinachoamsha shombo mdomoni ukila vyakula vya baharini. Kadiri chuma kinavyozidi, ndivyo shombo inavyozidi. Udongo wa shambani, vumbi na vyombo vya chuma vyote vinaweza kuongeza. Mwulize wifi kama anatumia ndoo au mashine yenye kutu mahali popote. Kama ipo, aiondoe. Samaki wenye mafuta mengi kama jodari na vibua ndio wanaoleta shombo zaidi na mwekundu. Changu ana nafuu, ila kwa nini ujihatarishe na mweupe upo?

Pilau ya mbuzi ndiyo inayonipa raha zaidi. Hapa kuna bizari nzima, iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu, na kuna kitunguu kilichokaangwa hadi kikaribie kuungua. Kitunguu hicho ndicho kinachoita mwekundu. Utamu wake wa kukaanga na ladha ya zambarau ya Makutupora vinaelewana vizuri sana. Kuna jambo jingine: mvinyo mwekundu wa bei kubwa hukaa kwenye mapipa ya mwaloni, na mwaloni hutoa kemikali iitwayo eujenoli. Hiyohiyo ndiyo inayoipa karafuu harufu yake. Mvinyo wa wifi yako haujaona mwaloni, lakini pilau yako inauletea karafuu mezani. Nimeona watu wakionja Makutupora ya nyumbani peke yake wakakunja uso, halafu wakaionja na pilau wakaongeza glasi. Usizidishe karafuu lakini, ikizidi inafunika kila kitu.

Mbuzi wa kuchoma ni rahisi, na hapa ndipo ukakasi unapokuwa na faida. Ukakasi hutokana na tanini za maganda na mbegu, na tanini hupenda kushikamana na protini. Ukinywa peke yake, zinashika mate yako, ulimi unakauka. Ukiwa na nyama mdomoni, zinashika nyama na mafuta, na mvinyo unakuwa laini ghafla. Chumvi nayo hulainisha. Kwa hiyo vijana wasione haya kwenye chumvi, na wasimkaushe mbuzi hadi mafuta yote yadondokee mkaa. Mbavu ndizo za kwanza kupelekwa na mwekundu.

Sasa pilipili. Ukali wa pilipili unasikika kwenye vipokezi vilevile vya mdomoni vinavyosikia moto, na kilevi chenyewe huvichochea vipokezi hivyo. Mvinyo wa asilimia 13 juu ya pilipili mbuzi ni moto juu ya moto, na tanini zinaongeza mwasho. Ndiyo maana uliungua Pasaka. Mwenye kupenda pilipili mpe mweupe wa Machi, uwe baridi sana, kwa kuwa kilevi chake ni kidogo. Kama wifi ameacha hata utamu kidogo ndani ya mweupe, ni bora zaidi, sukari hutuliza. Pilipili ya kukaanga iwekwe kwenye bakuli lake, isiingie kwenye pilau.

Kama kuna wanaokula kitimoto, nao wamekuomba kirosti na ndizi za kukaanga, mweupe unafaa, na mwekundu uliopoa unafaa. Mlenda siuwezi. Nimejaribu mivinyo mingi na ugali wa uwele na mlenda, chakula ninachokipenda tangu utoto, na hakuna hata mmoja uliokaa nao. Kule kuteleza kunaufanya mvinyo uonekane umetengana. Mwenye mlenda anywe maji, chupa isubiri nyama.

Kwa vitamu, sheria ni moja tu: mvinyo uwe mtamu kuliko chakula. Mweupe usio na sukari ukiuweka mbele ya kaimati au halua, unakuwa mchungu. Kama una chupa ya Dompo au mvinyo mwingine mtamu wa Dodoma, ufungue hapo, kidogo kidogo, na kashata za karanga au korosho zilizokaangwa. Embe dodo Desemba zipo tele, na mweupe mtamu wa baridi na embe ni kitu cha kukaa nacho barazani hadi giza liingie. Kama huna mtamu, acha vitamu viliwe na chai ya tangawizi.

Ubaridi. Hapa nakusisitizia kwa sababu ndipo kazi ya wifi yako inapoharibiwa bila kosa lake. Wanaoandika kwamba mwekundu unywewe kwenye joto la chumba wana vyumba vya nyuzi 17 au 18. Chumba chako Desemba kina zaidi ya 30. Mwekundu kwenye joto hilo unanuka kilevi na unalegea. Uweke kwenye friji dakika 40 hivi kabla ya kumimina. Mweupe uwe kwenye friji tangu asubuhi, lakini utoe dakika kumi kabla, maana ukiwa wa kugandisha harufu zote hujificha. Nje kwa wachomaji, weka ndoo yenye barafu na maji pamoja, siyo barafu peke yake, kwa kuwa maji ndiyo yanayogusa chupa yote. Barafu isiingie kwenye glasi.

Ukiona punje kama chumvi chini ya chupa ya mweupe iliyotoka kwenye friji, usishtuke, ni asidi ya zabibu iliyoganda kwa baridi, haina madhara. Mawingu kidogo kwenye mvinyo wa nyumbani nayo si hoja. Simamisha chupa wima siku mbili, mimina taratibu, acha mashapo chini. Harufu ya yai bovu mara nyingi hupungua ukiumimina kwenye jagi ukauacha nusu saa. Lakini ukisikia harufu ya siki au ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, au mweupe umekuwa wa kahawia, usimpe mgeni. Ulioanza kuwa siki uache uendelee hadi uwe siki kamili, utaulowekea nyama. Na chupa ya mvinyo mtamu wa nyumbani ikae kwenye friji daima, kwa sababu hamira ikiamka ndani ya chupa iliyofungwa, kizibo kitaruka au chupa itapasuka.

Kuhusu kiasi, chupa moja ya mililita 750 inatoa glasi tano za kawaida. Mweupe nane ni glasi 40, mwekundu kumi na mbili ni 60. Kwa wanywaji ishirini, chupa nane nyeupe na tisa nyekundu zinatosha kwa mchana mzima wa kula, na utabaki na tatu za Pasaka. Anza na mweupe wageni wakifika, wakati samaki anatoka jikoni, uendelee nao hadi kuku wa kupaka. Mwekundu uingie na pilau, uishie kwa wachomaji. Iliyofunguliwa ikabaki, irudishie kizibo, iweke kwenye friji, na uimalize ndani ya siku tatu au nne, hata mwekundu.

Ukoo mzima maana yake kuna wasiokunywa, kwa dini, kwa afya, kwa mimba, kwa sababu ndio watakaoendesha, au kwa umri. Wapikie rozela. Chemsha maua yaliyokaushwa na tangawizi na kipande cha mdalasini, sukari kidogo sana, ipoe, itiwe kwenye glasi zilezile nzuri. Ina uchachu na ukakasi kidogo, kwa hiyo inakaa na pilau na mbuzi kama mwekundu unavyokaa, na mtu hajioni amepewa soda ya mtoto.

La mwisho, bei. Kuwapa ndugu chupa ni jambo moja, kuuza ni jingine. Akitaka kuuza atahitaji leseni, alama ya ubora ya TBS, na stempu ya kodi ya TRA kwenye kila chupa. Aanze na ofisi ya SIDO hapohapo Dodoma, wanafundisha wasindikaji wadogo na watamwonyesha hatua kwa mpangilio. Na tangu mavuno ya Machi ijayo aandike kwenye kila chupa vitu vinne: aina ya zabibu, mwezi na mwaka wa kuvuna, Briksi siku ya kuvuna, na kama ametia salfaiti. Kumbukumbu hizo zitamsaidia yeye, na wewe jikoni utajua ni chupa ipi ya kufungua na chakula kipi.